Re: Masta ya semiotiki kwa mtu wa biolojia
Mkuu, umeuliza kama mwenye digrii ya biolojia anaweza kuingia masta ya semiotiki (taaluma ya ishara na maana zake) au mpaka awe amesoma isimu. Inawezekana kabisa wala usijishushe, maana pale Tartu, Estonia, alikofundisha mwanasemiotiki maarufu Juri Lotman, wana masta ya semiotiki kwa Kiingereza na kuna tawi zima la biosemiotiki, yaani jinsi viumbe wanavyotoa na kusoma ishara, kwahiyo biolojia yako ni mtaji. Ila anza kuwasoma Saussure na Peirce, waasisi wa semiotiki, mapema, Peirce ni mgumu balaa (mi naona ndo mtamu zaidi). Kikubwa tafuta msimamizi anayeelewa pande zote mbili, la sivyo idara moja itakusukumia nyingine na hiyo nayo itakurudisha ulikotoka.