vCenter HA kwa hosti mbili? Mkuu achana nayo kwanza

Mkuu umeuliza kama kwa hosti zako mbili (seva zinazobeba mashine pepe) unaweza kuweka vCenter HA, yaani nakala za vCenter (programu ya kusimamia hosti zote) ili moja ikifa nyingine ishike kazi, ya nodi mbili tu, ya tatu uiache maana RAM haitoshi. Haiwezekani. Tangu ilipokuja na vSphere 6.5 (mfumo wa VMware wa mashine pepe) ni nodi tatu: Active, Passive na Witness. Witness haishiki kazi kamwe, hata Active ikifa, iko pale kupiga kura tu ili hizo mbili zikipotezana mtandaoni kila moja isijifanye bosi. Tena ni kadogo, CPU moja na RAM GB 1, anayekula RAM ni Passive maana ni pacha kamili wa Active.

Tatizo lako ni hosti. Kwa hosti mbili lazima nodi mbili zilale pamoja, hukwepi. Kuna mteja mmoja nilimkuta Active na Witness ziko hosti moja, tena kwenye diski za ndani, pawa saplai ikaungua, kura mbili zikaondoka kwa mpigo, Passive ikabaki nzima na databesi yote inayo lakini haipandi ng'o kwa sababu peke yake haifikishi kura. Na huku watu wa mauzo wanatoa risiti kama kawaida! VM zao (mashine pepe) zilikuwa kwenye storeji ya pamoja inayofikiwa na hosti zote, vSphere HA, ambayo si vCenter HA, yenyewe huwasha upya VM hosti ikifa, ikaziwasha hosti ya pili, maana ile kazi inafanywa na ajenti za kwenye hosti zenyewe, vCenter inahitajika wakati wa kuiseti tu. vCenter ikilala unakosa vMotion (kuhamisha VM bila kuizima), DRS (kugawa mzigo kati ya hosti) na bakapu zinazopitia kwake, VM hazizimi, na hosti unaingia moja kwa moja kwa brauza.

Kwa hiyo wewe weka vCenter moja kwenye storeji ya pamoja, vSphere HA iwashe, mpe kipaumbele cha juu cha kuwaka upya, halafu ingia kwa brauza poti 5480 ya vCenter uweke bakapu ya kila usiku iende mashine nyingine kabisa. Hii bakapu usiiruke hata siku ukiwa na hizo nodi tatu, maana ukifuta kitu kwa Active na Passive nayo inafuta hapohapo.

Bosi akinunua hosti ya tatu ndo urudi kwenye vCenter HA, kila nodi hosti yake, mtandao wa HA uwe na sabneti yake mbali na ya menejimenti na letensi (ucheleweshaji wa mtandao) kati ya nodi iwe chini ya ms 10.