Pedi ya PS4 kuisha chaji mapema

Kaka wa Kirumba uliyeuliza kwa nini pedi (kidhibiti cha kuchezea gemu) ya PS4 kwenye banda lako la gemu inaisha chaji mapema, pedi kuzima kabla ya mechi ya pili haimaanishi lazima betri imekufa. Ya PS4 ina betri ya 1000 mAh tu (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba; ya PS5 ni 1560), halafu ile taa ya mbele na mtetemo vinaila kweli. Ingia kwenye mipangilio ya vifaa, punguza mwanga wa taa, zima mtetemo. Wateja watanung'unika kidogo, watazoea. Ikiendelea hivyohivyo, badilisha betri: skrubu nne za nyuma, funua taratibu maana kuna utepe mwembamba ndani unaounganisha pande mbili, ukivuta kwa pupa umekatika. Ila kwa banda la biashara, mimi ningeacha waya wa chaji umechomekwa muda wote.