Kabla hujalipia programu ya kuhariri picha

Wanaoanza kupiga picha kwa mapenzi tu hapa Mbeya huniuliza kwanza wanunue programu gani. Nami huwauliza: picha zako unazihifadhi kwa fomati ipi, yaani aina gani ya faili? Kama ni JPEG peke yake, programu ya bei kubwa haitakufikisha mbali, kwa sababu kamera imeshakuamulia rangi na mwanga, na yaliyobaki imeyatupa.

Tuseme umepanda hifadhi ya Kitulo wakati wa mvua, maua yamechanua na ukungu umetanda. Kamera hupima mwanga kana kwamba kila iliyoelekezwa ni kijivu cha wastani. Ukungu ni mweupe, kwa hiyo kamera inabana mwanga na picha inatoka na rangi ya majivu. Ongeza fidia ya mwanga (ile alama ya +/- kwenye kamera) kwa kama stopu 1, yaani mwanga maradufu, palepale, kisha hifadhi kwa RAW, faili ghafi ambalo kamera haijaliamulia rangi na mwanga. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina 16,384. Utaiona tofauti hiyo utakapotaka mawingu juu ya Mlima Rungwe yatokeze: kwa JPEG, anga huanza kuonyesha mistari mistari. Na mwenye simu asijione yuko nyuma. Simu nyingi za Android zina sehemu ya kupiga kwa mipangilio yako mwenyewe inayoweza kuhifadhi DNG, ambayo ni RAW pia, na programu ya simu iitwayo Snapseed huifungua bure.

Kwa kompyuta, mimi napendekeza Darktable bila kusita. Ni bure, unatumia bando mara moja tu kuipakua, na baada ya hapo inafanya kazi hata mtandao usipokuwepo. Marekebisho yako yanaandikwa kwenye faili dogo kando ya picha, kwa hiyo picha ya asili haiguswi. Mwakani ukiwa umejua zaidi, unairudia upya. Lightroom ni rahisi zaidi kujifunza, hilo nalikubali, na ina zana nzuri sana za kurekebisha sehemu moja tu ya picha. Lakini unailipia usajili. Ukikatika, picha zako zinabaki ila sehemu ya kuhariri inafungwa. Mtu ambaye fedha yake inakuja kwa msimu wa viazi au parachichi alifikirie hilo kwa makini. GIMP nayo ni bure, ila haifungui RAW yenyewe, inahitaji kusaidiwa na Darktable au programu nyingine ya bure, RawTherapee; iache kwa kazi kama kufuta nyaya za umeme zilizokatiza mbele ya mlima. Programu za kulipia zilizovunjwa kufuli ili zitumike bure, zinazopita mkono kwa mkono kwenye fleshi, usiziguse kabisa. Kirusi kimoja kinaweza kuondoka na picha zako zote.

Darktable inatisha ukiifungua, vitufe ni vingi. Anza na vinne: mwanga, mizani ya weupe (ili nyeupe ionekane nyeupe), kukata picha, na kupunguza chengachenga zinazotokea kwenye mwanga hafifu. Kaa navyo mpaka mkono uzoee.

Sasa fedha uliyookoa kwenye programu, ipeleke kwenye kioo cha kompyuta. Ukinunua laptopu iliyotumika, fungua picha ya sura ya mtu, kisha ilaze skrini nyuma na uirudishe mbele. Rangi ikigeuka, achana nayo. Tafuta yenye skrini ya IPS, aina ambayo rangi haigeuki sana ukiitazama kwa pembe. RAM isiwe chini ya GB 8, na GB 16 ndiyo inayokupa raha, pamoja na diski ya SSD. Ukifika nyumbani, punguza ung'avu wa skrini. Skrini inayong'aa mno inakudanganya uzitie giza picha, na ukienda kuzisafisha zinatoka nyeusi. Safisha moja ndogo kwanza, uilinganishe, ndipo uagize kubwa.

Diski za nje za kuwekea nakala za picha ziwe mbili, na moja ikae nyumba nyingine. Kwa ndugu panatosha.

Hali ya hewa yetu nayo ina madai yake. Tukuyu mvua ni nyingi, na unyevu huotesha ukungu ndani ya lenzi, ambao ukishakita mizizi unaacha alama kwenye kioo. Weka lenzi kwenye kontena la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika. Mchele hapana, una vumbi. Iringa kiangazi shida ni vumbi lenyewe: ukiwa Isimila na upepo unavuma, usibadilishe lenzi. Njombe, baridi inamaliza betri upesi, beba ya pili mfuko wa ndani.

Kwa hiyo ukinunua kamera iliyotumika, nenda na tochi. Mulika lenzi kutoka nyuma; nyuzi kama za utando wa buibui ni ukungu huo, usiinunue hata bei ishuke vipi. Kisha weka f/16, yaani tundu dogo la lenzi, piga picha ya anga tupu na uikuze: madoa meusi ni vumbi kwenye sensa, kile kipokea mwanga ndani ya kamera. Vumbi husafishika, mwombe muuzaji apunguze bei.