Kabla hujalipia hoteli ya Dubai, dai jumla ya mwisho

Bei ya hoteli inayotokea mwanzo kwenye simu yako siyo utakayolipa. Dubai, ambako watu wetu wa Dar, Mombasa, Nairobi na Kampala wanaenda kupumzika na kununua vitu, tofauti hiyo inaweza kumeza hela yote mliyoiweka kwa ajili ya kuwatembeza watoto. Kwetu mimi ndiye ninayewatafutia ndugu hoteli likizo ikikaribia, na bili za hoteli za Deira na Bur Dubai, mitaa ya Dubai, nimezisoma mstari kwa mstari. Nikisikia familia imejinyima mwaka mzima halafu ikabanwa mapokezi siku ya kuondoka, inaniuma sana, maana ni jambo linalozuilika.

Anza kwa kujua makato gani ni halali. Juu ya bei ya chumba, hoteli za Dubai kwa kawaida huongeza asilimia 10 ya huduma, asilimia 7 ya manispaa na VAT asilimia 5. Halafu ipo Dirham ya Utalii, iliyoanza mwaka 2014, ambayo kwenye bili utaiona kwa jina la Tourism Dirham. Hii ina kiwango chake kwa kila usiku kulingana na nyota za hoteli: dirham 20 (dirham ni hela ya kule) kwa nyota tano, 15 kwa nyota nne, 10 kwa nyota tatu, na 7 kwa zilizo chini ya hapo. Inahesabiwa kwa chumba, siyo kwa kichwa. Mkiwa wanne kwenye chumba kimoja mnalipa mara moja tu kwa usiku, na ukiona imezidishwa kwa idadi ya watu, ikatae hapo hapo. Kwenye apatimenti ya vyumba viwili vya kulala, itahesabiwa mara mbili.

Tupige hesabu. Chumba cha nyota nne kimetangazwa dirham 300 kwa usiku, mnakaa usiku tano, ni 1,500. Yale makato ya asilimia yanafika 330. Dirham ya Utalii, 75. Jumla ni 1,905, na hoteli inayokokotoa VAT juu ya ada ya huduma pia itapanda kidogo zaidi. Ile nyongeza ya dirham 405 ni kama dola 110 za Marekani, na hapo ni chumba kimoja. Mama na baba na watoto wakubwa wanaohitaji chumba chao, zidisha mara mbili.

Tovuti za kuweka nafasi hazifanani. Ipo inayojumlisha makato ya asilimia tangu mwanzo, ipo inayoyaleta ukurasa wa mwisho wakati umeshachoka na unataka tu kubonyeza. Dirham ya Utalii mara nyingi huachwa nje kabisa kwa sababu hulipwa hotelini, na taarifa yake iko chini kwenye maandishi madogo. Vifurushi vya Dubai vinavyotangazwa Instagram na mawakala wa kwetu, vile vya viza, hoteli na kupokelewa uwanja wa ndege, mara nyingi haimo pia. Wakala mwaminifu atakwambia ukimuuliza. Kwa hiyo muulize, na akujibu kwa maandishi.

Maandishi ndiyo kinga yenyewe. Kabla sijalipa huwa naiandikia hoteli moja kwa moja, kwa barua pepe au WhatsApp, kwa Kiingereza chepesi, nikiomba mambo matatu: jumla ya mwisho ya siku zote kodi zikiwemo, orodha ya kila ada ya lazima nje ya hiyo jumla, na kiasi cha dhamana nitakachoachia mapokezi pamoja na siku ya kurudishwa. Hoteli iliyonyooka hujibu kwa namba. Inayokujibu "utaelezwa ukifika" mimi naiacha, hata kama picha zake zinapendeza.

Faida yake niliiona hoteli moja ya Deira. Bili imechapishwa, naipitia, nakuta dirham 25 kwa siku ya intaneti. Nikamwonyesha dada wa mapokezi ujumbe wa hoteli yao wenyewe, jumla imeandikwa, intaneti imo. Alikuwa Mkenya, wamejaa kwenye hoteli za kule, na aliposikia lafudhi yangu akageukia Kiswahili: "Dada, hiyo ni ya hiari. Sema tu huitaki, naifuta." Akaifuta, akachapisha bili nyingine. Haikuhitaji ugomvi. Nisingekuwa na ule ujumbe mkononi ingekuwa neno langu dhidi ya kompyuta yao, na nyuma yangu foleni ya watu wenye mabegi.

Dhamana ndiyo inayowasumbua watu wetu kuliko yote, na haiandikwi kwa herufi kubwa. Ukifika, hoteli inataka ishikilie kiasi fulani, kwa usiku au kwa safari nzima, kwa ajili ya vitu utakavyotumia au kuharibu. Hiyo ni hela yako na inatakiwa irudi. Lakini ukitoa kadi ya kawaida ya akaunti yako ya benki, kiasi hicho kinafungwa au kinakatwa kabisa, na kurudi kwake kunaweza kuchukua siku nyingi baada ya wewe kufika nyumbani. Na kama kilikatwa kikabadilishwa kuwa shilingi, kinaporudi hubadilishwa tena kwa kiwango kingine, unapoteza huku na huku. Mimi natenga dirham taslimu za dhamana peke yake, siziingizi kwenye hela ya matumizi. Hoteli ikipokea taslimu, dai risiti yenye neno dhamana na kiasi, uipige picha. Isipopokea, tumia kadi ya mkopo ukiwa nayo, ili wasiifunge hela ya chakula iliyoko kwenye akaunti.

Hapo hapo mapokezi, mashine ya kadi inaweza kukuuliza unataka kulipa kwa shilingi au kwa dirham. Chagua dirham. Ukichagua shilingi, kiwango anakupangia mwenye mashine, na mara nyingi kinakuumiza kuliko cha benki yako.

Uliza pia saa ya kuingia chumbani. Ndege za usiku kutoka kwetu hutua Dubai alfajiri, na vyumba hutolewa saa nane au saa tisa mchana. Kuingia mapema kunaweza kutozwa nusu ya bei ya usiku mmoja au hata zaidi. Kuacha mabegi mapokezi kwa kawaida ni bure, mkatoka kutafuta chai. Mwenye watoto aulize kifungua kinywa chao na kitanda cha ziada, maana "mtoto analala bure" haina maana kwamba anakula bure.

Kwa wanaosafiri mwisho wa Desemba, kuna jambo linaloweza kuzidi haya yote: karamu ya lazima. Hoteli nyingi za ufukweni, Dubai, Zanzibar hata Diani, huongeza chakula cha usiku wa Krismasi au mkesha wa mwaka mpya kwa kila mgeni, ule usile. Kwa familia ya watu watano inaweza kufikia bei ya usiku kadhaa wa chumba. Mimi naona si haki kumlazimisha mtu anunue sherehe, lakini ndivyo masharti yao yalivyo, na ukishalipa umeyakubali. Yasome kabla, au badilisha tarehe.

Walio Marekani wana jina lao la kuliogopa, resort fee, yaani ada ya lazima ambayo hoteli huongeza juu ya bei ya chumba, ambayo Las Vegas huwa kama dola 40 hadi 55 kwa usiku, kabla ya kodi. Tangu tarehe 12 Mei 2025, kanuni ya FTC, tume ya biashara ya serikali ya Marekani, inazitaka hoteli kuingiza ada zote za lazima kwenye bei zinayoitangaza. Haikuzifuta ada hizo. Kodi za serikali zinaweza kubaki nje ya bei hiyo, na maegesho, kwa kuwa ni ya hiari, hayamo. Ukienda na gari, uliza.

Turudi Dubai, siku ya kuondoka. Omba bili usiku wa kuamkia safari, usingoje asubuhi teksi ikiwa mlangoni. Usiku kuna muda wa kulinganisha kila mstari na ule ujumbe, kumwita meneja, kurudishiwa dhamana yako huku ukihesabu. Wakikataa kuondoa kisichokuwemo, lipa ili usikose ndege, ila ondoka na ankara yenye mchanganuo na jina la hoteli, uipeleke kwa idara ya ulinzi wa walaji ya Dubai. Malalamiko wanayapokea kwa mtandao, hata ukiwa umesharudi nyumbani.