Umealikwa, nenda

Mwanangu,

Waaleikum salaam. Unasema chuoni kwenu, Khalsa College hapo Delhi, wanaadhimisha kuuawa kwa Guru Tegh Bahadur, kiongozi wa dini ya Masingasinga, na wenzako wa bweni wamekualika. Unauliza: aliyeuawa aliuawa kwa amri ya mfalme Mwislamu, sasa wewe binti wa Kiislamu kutoka Mombasa ukakae wapi hapo?

Ukakae chini, pamoja nao. Nenda.

Lakini umjue unayekwenda kumkumbuka. Mwaka 1675 Wahindu wa Kashmir walimwendea Guru huyo wa tisa wakilalamika kwamba wanalazimishwa kubadili dini. Dini yao haikuwa yake. Akatoka Anandpur kwenda kuwasemea, akakamatwa, akaletwa Delhi. Wafuasi wake watatu waliuawa kwanza, na Novemba yeye akakatwa kichwa Chandni Chowk kwa amri ya mfalme Aurangzeb. Kichwa, mfuasi mwingine, Bhai Jaita, alikipeleka Anandpur kwa siri, kwa mtoto wa marehemu aliyekuwa akikaribia miaka 9. Kiwiliwili, mfuasi aitwaye Lakhi Shah alikiingiza nyumbani kwake, akaitia moto nyumba nzima ili maiti ichomwe kwa heshima bila askari kushtuka. Mimi kila nikifika hapo kwenye kisa hiki husimama. Nyumba yake mwenyewe!

Aurangzeb alikuwa Mwislamu, ndiyo. Usimtetee, wala usimbebe mgongoni. Wangetaka kukudai damu ya miaka 350, wasingekualika. Na Masingasinga wenyewe hawakusahau kwamba Mardana, aliyezunguka na Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, akimpigia rababu, alikuwa Mwislamu. Ndani ya Guru Granth Sahib, kitabu chao kitukufu, mna beti za Sheikh Farid, sufii wetu. Huenda ukazisikia zikiimbwa siku hiyo.

Utavua viatu na kufunika kichwa. Wao watainama mpaka chini mbele ya kile Kitabu. Wewe usisujudu, sujudu ni ya Mola peke yake, na hakuna atakayekulazimisha. Ingia kwa adabu, ukae. Ile halua wanayogawa ibadani, ukiona moyo mzito, jiweke nyuma karibu na mlango. Hilo nakuachia mwenyewe.

Chakula cha langar, kile wanachopakulia kila mtu bure, ni jambo jingine, kile kula bila wasiwasi. Nyama hawapiki, kwa hiyo suala la kuchinja halipo. Mimi nimekula kwao kabla hujazaliwa. Tukishuka na lori kutoka Nairobi tulikuwa tukisimama Makindu, kwenye ile gurdwara, nyumba yao ya ibada, iliyojengwa na Masingasinga wa reli mwaka 1926. Tajiri wa gari dogo, dereva, utingo, wote mstari mmoja, dengu na chapati zile zile. Hakuna aliyewahi kuniuliza dini yangu wala pesa. Utingo wangu alikuwa akiongezwa mara ya tatu, mimi ndiye nikiona haya.

Ukishakula usikimbilie bweni. Uliza zinakooshewa sahani, ukunje mikono, usugue nao. Kazi hiyo kwao ni sehemu ya ibada, wanaiita seva, na hata mkubwa wa chuo akishika sufuria si ajabu. Huko kwenye sahani ndiko watu huzungumza.

Mama yako anasema uchukue mtandio wa kijivu. Ule mwekundu unateleza.

Baba