Shangazi, mtaa mzima wananiona mwizi

Mwanangu wa Mbagala, barua yako nimeipata na kile kipande cha mwisho kimeniuma sana, pale ulipoandika "kama wote wananiona mwizi basi bora niwe mwizi kweli". Nitafika hapo, ila kwanza wasomaji wajue kisa chako.

Huyu kijana ana miaka 17, kamaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi wa 11, yupo nyumbani anasubiri. Wanaishi nyumba ya kupanga. Simu ya mama mmoja mpangaji ikapotea, watu wakaenda moja kwa moja chumbani kwake wakapekua hadi chini ya godoro, vyumba vingine havikuguswa, kisa yeye ndo ana nywele za kiduku na jioni anakaa kijiweni na wenzake. Baba yake akasema mbele ya wote, "kama hukuiba wewe basi unawajua walioiba". Kesho yake dereva wa bajaji kairudisha simu, mama aliisahau kwenye siti, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia pole. Siku chache baadae walinzi wa ulinzi shirikishi wakamkamata saa tatu usiku anatoka kibanda umiza kuangalia mpira, wakamzaba makofi wakimdai risiti ya simu yake mwenyewe.

Mwanangu, hofu ya watu wa Dar usiidharau, ina chanzo. Januari 2015 jioni moja tu zilivuma habari kwamba Panya Road, lile kundi la vijana wahalifu, wanakuja, maduka yakafungwa, watu wakawa wanakimbia hovyo, na 2022 wakasikika tena, watu wakavamiwa majumbani usiku kwa mapanga, damu ikamwagika. Mama aliyepitia hayo akiona vijana watano wamekaa gizani moyo utamwenda mbio na siwezi kumlaumu. Ila ile 2015 walikamatwa vijana kwa mamia, na mimi nasema ukishaanza kukamata kwa mamia hapo hutafuti tena aliyefanya kosa, unakamata umri na mtaa anaotoka. Ndo hicho kilichoingia kwenu kikapekua godoro lako.

Na wewe upo kwenye kipindi kigumu ambacho wakubwa wengi hawakifikirii. Kitambulisho cha shule umerudisha, cha taifa cha NIDA hupati mpaka ufike 18, yani mfukoni huna karatasi hata moja inayosema wewe ni nani. Ulivyokuwa na yunifomu konda alikuzuia mlangoni sababu unalipa mia mbili, sasa hivi unalipa nauli ya mtu mzima alafu ukikaa siti ya jirani mtu anakumbatia mkoba wake.

Sasa ile sentensi yako. Usiirudie hata kwa utani kijiweni. Unajua vizuri mtu akiitiwa mwizi hapa kwetu kinatokea nini, kila siku tunasoma "wananchi wenye hasira kali", na wale hawaulizi umri wala hawasubiri ujieleze. Nataka uwe mzima. Kwahiyo wiki hii nenda na baba kwa mjumbe, mjue kwa jina na yeye akujue kwa sura, alafu mwende ofisi ya serikali ya mtaa mkaombe barua ya utambulisho. Risiti ya simu ipige picha uitunze. Na ukitaka kurudi usiku tembea na wenzako, pitia barabara yenye taa.

Ikitokea umepelekwa kituoni, taja umri wako hapo hapo, omba mzazi apigiwe na afisa ustawi wa jamii aitwe, maelezo usisaini kabla mzazi hajafika. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kesi yake inaenda Mahakama ya Watoto na hata akikutwa na hatia hafungwi jela. Ongea kwa adabu lakini ongea.

Kiduku sitakwambia unyoe. Hilo yamalizeni wewe na baba yako nyumbani, mtu hawi mwizi kwa nywele.

Baba yake, mwanao akikupa simu usome hapa naomba usome mpaka mwisho. Najua uliogopa. Ulitaka watu wasiseme unamfuga mwizi ndani, ukawahi kumsema wewe kabla yao. Lakini kijana wako anaweza kuvumilia konda, anaweza kuvumilia hata makofi ya walinzi, kilichomfanya aandike kwangu ni neno lako. Nimeisoma ile barua, nusu nzima anakuongelea wewe. Usiishie kumwambia yaishe mkiwa wawili chumbani. Subiri jioni wapangaji wakiwa uani, useme kwa sauti kwamba mwanao hakuiba na ulikosea kumtuhumu, maana ulimtuhumu wakiwepo. Alafu nenda kwa hao walinzi waulize kwa nini wamempiga mtoto, wewe ndo uwaulize sio yeye.

Na wewe mama mwenye simu kama unasoma, mlango wao unaujua.