HIV ikizoea dawa, je inakuwa kali zaidi?

Dada umeuliza kama HIV ikishazoea dawa inakuwa kali zaidi, hapana, si lazima. Hiyo virusi iko na enzaimu inaitwa riversi transkriptesi, kazi yake ni kunakili RNA (maagizo ya kurithi ya virusi) iwe DNA (aina ya maagizo yaliyo ndani ya seli zako) ndio ijifiche ndani ya seli yako, na haina njia ya kurudi kusahihisha makosa yake so inabadilika mara kwa mara. Sasa chukua ile mabadiliko ya M184V, pale nafasi ya 184 ya hiyo enzaimu, methionini inatoka valini inaingia (hizo ni asidi amino, vipande vinavyojenga protini), lamivudini, dawa moja ya HIV, inashindwa kuizuia, lakini enzaimu yenyewe inaanza kuchechemea, inanakili kwa shida hasa kwa seli zenye malighafi ya DNA ni kidogo, na tena tenofoviri, dawa nyingine ya HIV, inaipata vizuri zaidi. Ndio maana daktari anaweza kukuachia lamivudini hata kama virusi imeizoea. Lakini tafadhali usiruke dawa, juu ikiendelea kuzaliana inaokota mabadiliko mengine yanayoirudishia nguvu. Uko hapa Kisumu, kliniki ni nyingi, kama virusi zimepanda kwa damu rudi waangalie, usijibadilishie dawa mwenyewe.